Nakwenda Moshi kuhesabiwa: nitarudije na kilo zangu 81?

Swali la msomaji wa Dar es Salaam: Nina miaka 34 na urefu wa sentimita 164. Mwezi Juni nilikuwa na kilo 92, leo nina 81, kwa kupunguza ugali na wali, kuacha soda na kutembea jioni. Natumia kidonge kimoja cha presha kila siku. Tarehe 21 Desemba tunapanda Kibosho, Moshi, kwa wakwe kuhesabiwa, yaani kukutana na ukoo kama Wachaga wafanyavyo kila Desemba, tunarudi tarehe 3 Januari. Mwaka jana nilirudi na kilo nne za ziada, nikakata tamaa, nikaja kuanza tena baada ya Pasaka. Kule kila boma unalopita unawekewa sahani, na mama mkwe akiona sili atasema namdharau. Nifanyeje?

Jibu: Dada, kwanza badilisha lengo. Umepunguza kilo 11 kwa wiki kama 26, yaani chini kidogo ya nusu kilo kwa wiki. Huo ni mwendo mzuri na unadumu. Lakini wiki mbili za Desemba ukweni si mahali pa kuuendeleza. Anayekwenda kuhesabiwa huku amejiapiza kurudi na kilo 80 hushindwa mapema, na akishashindwa husema basi, nile tu, nitaanza Januari. Wewe lenga kurudi na 81 ile ile, au 81 na nusu. Kupungua kutaendelea Dar.

Tufanye hesabu, maana mwaka jana hukuifanya, na ndiyo maana kilo nne zilikutisha. Kwa umri, urefu na uzito wako, na shughuli za kawaida za mtu anayetembea kidogo, mwili wako unatumia takriban kalori 2,100 kwa siku. Kwa kasi uliyopungua nayo, wastani wako umekuwa kama 1,600. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina kalori kama 7,700. Kwa hiyo ili mtu aongeze kilo nne za mafuta halisi katika siku 14, anatakiwa ale kalori 2,200 juu ya zile 2,100, kila siku, bila kupumzika hata siku moja. Wapo wanaoweza, ila si wengi. Kwa vyovyote, sehemu kubwa ya kilo zako nne haikuwa mafuta.

Ilikuwa maji, chumvi na chakula kilichokuwa bado tumboni. Mwili huweka akiba ya wanga kwenye misuli na ini kwa umbo linaloitwa glaikojeni, na kila gramu ya akiba hiyo hushikilia kama gramu tatu za maji. Mtu aliyepunguza ugali na wali kwa miezi huwa na akiba ndogo. Akila ndizi, pilau na chapati siku tatu mfululizo, akiba inajaa na maji yake, na mzani unapanda kilo moja au zaidi kabla hata mafuta hayajaongezeka. Chumvi ya supu na nyama choma inaongeza maji mengine. Kukosa choo siku mbili kwa sababu ya safari kunaongeza tena. Kama hedhi inakaribia, usiutazame mzani kabisa wiki hiyo. Vyote hivyo huondoka vyenyewe ndani ya siku saba hadi kumi za kula kama kawaida. Hasara ya mwaka jana haikutokea Kibosho. Ilitokea Dar, kati ya Januari na Pasaka.

Sasa mpango. Katika siku zako 14, chagua tatu za karamu: Krismasi yenyewe, siku ya ndafu ya familia, yaani mbuzi wa kuchomwa mzima (au harusi, au ubatizo, maana Desemba havikosekani), na Mwaka Mpya. Siku hizo kula hadi kalori 3,000. Hicho ni chakula kingi: sahani ya pilau, nyama, chapati, kipande cha keki, bia moja au mbili, na bado umekunywa chai asubuhi. Utazidisha 900 kwa siku, jumla 2,700. Siku 11 zilizobaki kula 1,900, yaani 200 pungufu ya matumizi yako, jumla 2,200. Tofauti ni kalori 500, ambazo hazifiki hata gramu 100 za mafuta. Ndiyo maana nasema Krismasi haijawahi kumnenepesha mtu. Anayenenepa ni yule aliyefanya siku zote 14 kuwa Krismasi.

Chai na soda

Kabla ya nyama na pilau, tazama unachokunywa. Kikombe kikubwa cha chai ya maziwa, nusu maziwa, na vijiko vitatu vya sukari, kina kalori kama 130. Ukweni hunywi kimoja. Kuna cha asubuhi, cha saa nne, cha mgeni aliyeingia saa kumi, na cha usiku wakati wa mazungumzo. Vinne ni zaidi ya 500. Soda ya chupa ya mililita 350 ina sukari karibu gramu 37, kalori kama 150, na katika kutembelea ndugu wawili tu umeshawekewa mbili. Jumla inapita 800, na bado hujatafuna kitu. Ili kuongeza kilo moja ya mafuta katika siku 14 unahitaji kuzidisha 550 kwa siku, kwa hiyo chai na soda peke yake vinatosha na chenji inabaki.

Chai ina tatizo lake: nyumba nyingi hutia sukari sufuriani, kisha chai inawekwa kwenye chupa ikiwa tayari tamu. Ukisema "mimi sitaki sukari" chai imeshatiwa. Hapa nafasi yako kama mkamwana inakusaidia. Amka mapema, pika chai wewe, usitie sukari, na uweke bakuli la sukari mezani kila mtu ajitilie. Wazee wanaotaka vijiko vinne wataweka vinne bila kunung'unika. Wewe weka kimoja, au hakuna. Vikombe vya baada ya hapo viwe vya chai ya rangi yenye tangawizi au mchaichai. Ukifika kwa watu na chai imeshatiwa sukari, kunywa nusu kikombe taratibu, usimalize. Kikombe kikikauka kinajazwa.

Soda ukiletewa, omba maji mapema, kabla haijafunguliwa. Ikifunguliwa ni yako. Juisi ya kusaga haina nafuu kubwa kwa soda, kwani wengi huisaga kwa embe mbili tatu na sukari juu. Desemba maembe yapo, basi kula embe lenyewe. Lenye nyama ya gramu 200 lina kalori kama 120, na utalitafuna.

Sahani za kila boma

Hapa ndipo wengi hushindwa, na si kwa ulafi. Ni adabu. Kukataa chakula kabisa kwa baba mkubwa ni kumtukana, na sitakushauri ufanye hivyo. Nakushauri upange njia. Asubuhi muulize mumeo siku hiyo mnapita kwa nani na nani. Kati ya maboma hayo chagua moja ambalo utakula mlo kamili, hasa lile la mwenye umri mkubwa zaidi au lililochinja. Kwingine kote utaonja. Kuonja ni vijiko vitatu vinne na kipande kimoja cha nyama, ukiwa umeipokea sahani kwa mikono miwili na kusifu mapishi.

Maneno yasemwe wakati wa kupakua, sio baada. "Nipunguzie nusu, shangazi, nikimaliza nitaongeza" yanafanya kazi kwa sababu hayakatai chakula, yanagusa kipimo tu. Sahani ikishajaa, kubakiza ndiyo aibu. Njia nyingine ni kula sahani moja na wifi au na mtoto, jambo la kawaida kabisa, hakuna atakayeuliza. Na ukisisitiziwa nyama, omba ufungiwe ukale baadaye. Mwenye nyumba ameshatimiza wajibu wake, na wewe umepata mboga ya kesho.

Kuhusu mama mkwe, usingoje akuone mezani. Mpigie simu kabla ya tarehe 21, au mumeo ampigie, mumwambie ukweli ulio nao: una presha, umeambiwa upunguze chumvi, mafuta na sukari. Neno "diet" kwa mzee linasikika kama maringo ya mjini, lakini presha anaijua, na pengine yeye au jirani yake ana kidonge kama chako. Hilo litakusaidia pia kwa wale watakaokutazama wakasema "mbona umekonda, unaumwa?" Jibu kwa sentensi moja, kisha uulizie mifugo au wajukuu. Ukianza kueleza kalori utajadiliwa hadi Mwaka Mpya.

Jikoni

Mkamwana haonekani mvivu wala mwenye madaha akiwa jikoni, na jikoni ndiko mafuta yanakopimwa. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori kama 120, yawe ya alizeti, mawese au nazi, hakuna yaliyo "mepesi". Wapishi wengi humimina robo lita kwa kilo ya mchele wa pilau. Hizo ni kalori 2,000 na zaidi. Kilo hiyo ikigawanywa sahani nane, kila sahani imebeba 250 za mafuta matupu kabla ya mchele na nyama. Pilau la ladha ile ile linatoka kwa vijiko saba vya chakula, ambavyo ni kama mililita 100.

Chemsha nyama yenye mifupa kwanza, na iache supu ipoe ili mafuta yapande juu uyaengue. Kibosho usiku kunapoa, ukichemsha jioni asubuhi utayaondoa kwa kijiko yakiwa yameganda. Katakata vitunguu vinne vikubwa, vikaange kwa mafuta yako kidogo kwenye moto wa wastani. Vitaanza kushika chini kabla havijawa vya kahawia, na hapo ndipo mpishi huongeza mafuta. Wewe nyunyiza vijiko viwili vya supu, koroga ukikwangua chini, acha vikauke, rudia mara tatu au nne. Rangi itakuja, maana inaletwa na kitunguu kuungua polepole, wala haihitaji wingi wa mafuta. Endelea na kitunguu saumu, tangawizi, bizari nyembamba, iliki, mdalasini, pilipili manga, kisha nyama, mchele na supu kama ulivyozoea.

Pilau la mafuta machache huharibika kwa njia moja, nayo ni kugandana. Sababu ni unga wa mchele, ambao mafuta mengi huuficha. Kwa hiyo osha mchele mpaka maji yatoke safi, loweka dakika 20, uchuje vizuri. Tumia sufuria nzito, na maji yakikauka palia makaa juu ya kifuniko, punguza ya chini, usikoroge tena. Ila nakuonya: usijaribu haya kwenye lile pilau la watu 60 la siku ya Krismasi, ambako kuna wapishi wakuu wao. Utaonekana umekuja kufundisha watu kupika. Jaribu kwenye chakula cha siku za kawaida, ambazo ni 11 na ndizo zenye hesabu.

Mboga za majani ndizo adimu katika meza za sikukuu. Utakuta aina tatu za nyama na bakuli moja la kachumbari kwa watu ishirini. Jitolee kuzipika wewe: mnafu, majani ya maboga, sukuma au kabichi, kilo mbili kwa vijiko viwili vya mafuta, nyanya na kitunguu. Kachumbari ongeza ndimu, punguza chumvi. Nusu ya sahani yako iwe hizo. Wali, ndizi au viazi visizidi ukubwa wa ngumi yako, na nyama iwe kama kiganja bila vidole, mara moja na nusu siku ya karamu. Chapati moja ya kawaida ina kalori kama 300, kwa hiyo ukiichukua, wali upungue. Usiweke vyote viwili kwa kipimo kamili.

Vyakula vya Uchagani vyenyewe havina ubaya ambao watu wanavisingizia. Mtori wa ndizi na nyama ya mfupa unashibisha kwelikweli. Bakuli moja la wastani asubuhi litakufikisha mchana, mradi usitiwe kipande cha siagi na maziwa mazito juu ya mafuta ya nyama. Machalari ni ndizi za kuchemsha na nyama, na kiburu ni ndizi na maharage, kwa hiyo kina nyuzinyuzi zitakazokusaidia choo. Tatizo ni kipimo, kwa sababu ndizi mbichi zina wanga mwingi, karibu kalori 120 kwa gramu 100. Parachichi ni zuri lakini lina mafuta mengi. Moja kubwa la kule lenye nyama ya gramu 250 lina kalori 400, basi kula robo yake, nusu ukiwa hukula kingine chenye mafuta.

Ndafu, kitimoto na chupa

Ndafu usiiogope. Nyama ya mbuzi ni miongoni mwa nyama zenye mafuta machache: gramu 100 zilizochomwa zina kalori kama 143 na protini gramu 27. Protini inashibisha muda mrefu na inalinda misuli yako unapopungua. Kula kipande kimoja na nusu cha ukubwa wa kiganja kwa utulivu. Kinachoigeuza ndafu kuwa mzigo ni majirani zake kwenye sinia, yaani ndizi za kukaanga, chipsi, na ule mlima wa chumvi pembeni. Nyama imeshapakwa chumvi na ndimu kabla ya kuwekwa motoni. Mwenye presha hapaswi kuchovya tena. Shirika la Afya Duniani linashauri chini ya gramu 5 za chumvi kwa siku nzima, ambayo ni kijiko kimoja cha chai, na bakuli la supu ya kisusio pamoja na nyama ya kuchovya vinaweza kukimaliza kijiko hicho kwa mlo mmoja.

Kitimoto ni jambo lingine. Nguruwe wa kukaanga kwa mafuta yake mwenyewe anaweza kuwa na kalori mara mbili au tatu ya mbuzi kwa uzito ule ule, kutegemea mafuta yaliyoachwa. Kama ni lazima, omba ya kuchoma na uache ngozi na mafuta.

Pombe ina kalori 7 kwa gramu, na bado kuna wanga wa kwenye bia. Bia ya nusu lita ina kama 200, glasi ya mvinyo ya mililita 150 kama 125, kipimo cha mililita 30 cha pombe kali kama 60, lakini pombe kali huchanganywa na soda na hapo hesabu inabadilika. Mbege imetokana na ndizi na ulezi, basi ihesabu kama chakula, na uzuri wake ni kwamba kata huzunguka. Pokea, onja, mpitishie wa pili. Ini likipata pombe huishughulikia kwanza na kuahirisha uchomaji wa mafuta, na glasi ya tatu hulainisha maamuzi yote uliyopanga asubuhi. Ndiyo inayokupeleka kwenye kitimoto saa sita usiku. Weka mipaka miwili: vinywaji viwili siku ya karamu, sifuri siku nyingine, na glasi ya maji kati ya kimoja na kingine.

Usijinyime ili "kuacha nafasi"

Watu wengi hawali asubuhi ya Krismasi ili waje wale mchana. Mwaliko unasema saa saba, chakula kinatoka saa kumi. Kufikia hapo umeshatafuna karanga, keki, biskuti na soda mbili kwa njaa, halafu ndiyo unakula mlo kamili. Kula saa mbili asubuhi: mayai mawili ya kuchemsha na glasi ya maziwa au mtindi, hapo una protini karibu gramu 20, pamoja na ndizi moja mbivu au kipande cha gimbi. Kama saa nane imefika na sufuria bado ziko motoni, kula tunda. Ukianza mlo, anza na mboga na nyama, wanga umalizie.

Tembea dakika 40 asubuhi kabla nyumba haijachangamka, ukianza na mlima na kurudi na mteremko. Baada ya mlo mkubwa, tembea tena dakika 15 hata kama ni hadi kwa jirani, maana inashusha sukari ya damu. Lakini usitembee kwa nia ya kulipa deni. Saa nzima ya mwendo wa haraka kwa uzito wako inachoma kama kalori 300, yaani ile chapati moja, na mtu anayefikiri amelipa hula mbili.

Safari na vipimo

Kutoka Mbezi hadi Moshi ni siku nzima barabarani, na basi linaposimama upande wa Korogwe chakula cha haraka ni chipsi mayai, ambacho hakipungui kalori 700. Beba mayai matatu ya kuchemsha yasiyomenywa na uyale mapema kabla joto halijayaharibu, matango mawili, ndizi, na karanga kiasi cha konzi moja ndogo (gramu 30, kalori 170). Kunywa maji. Najua kina mama wengi hawanywi njiani kwa kuogopa kukosa pa kuchimba dawa, kisha wanafika na kichwa kinauma na choo kimefunga.

Vidonge vya presha beba vya siku 20, usibebe vya 14, kwa sababu tiketi za kurudi Januari husumbua. Usiruke dozi kwa sababu umekunywa bia, wala usipunguze mwenyewe kwa sababu umepungua uzito. Hilo ni la daktari wako, tena ukirudi nenda ukapimwe, maana mtu aliyepungua kilo 11 anaweza kuhitaji dozi nyingine. Msomaji mwenye kisukari anayechoma insulini au kumeza glibenklamidi asiige mpango huu bila kuongea na daktari: pombe pamoja na mlo uliochelewa vinaweza kushusha sukari kwa hatari.

Kujipima kunasaidia kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 2018 jarida la BMJ lilichapisha jaribio la Birmingham, Uingereza, lililofanywa kwa watu 272 wakati wa Krismasi. Kundi moja liliombwa lijipime uzito angalau mara mbili kwa wiki na kupewa vidokezo vya kula pamoja na orodha ya mazoezi yanayohitajika kuchoma vyakula vya sikukuu. Mwishoni uzito wake ulikuwa pungufu kwa karibu nusu kilo kuliko wa kundi lingine. Kama mzani wako ni mwepesi, beba, uweke juu ya sakafu ya saruji iliyo sawa. Kwenye udongo au zulia utakudanganya. Kama huwezi kubeba, chukua futi ya fundi cherehani: pima kiuno katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, asubuhi, ukiwa umetoa pumzi, siku ya kufika na kila siku ya tatu. Kikiongezeka sentimita mbili na hakipungui, siku mbili zinazofuata acha kabisa pombe, soda na vya kukaanga.

Tarehe 4 Januari

Kabla hujaondoka Dar, chemsha maharage kilo moja, gawa kwenye vikopo, gandisha. Utarudi umechoka, friji tupu, na bila hayo mlo wa kwanza nyumbani utakuwa chipsi za kununua.

Asubuhi ya tarehe 4 panda mzani na uandike. Inaweza kusoma 83 au 84. Namba hiyo usiichukulie hatua yoyote. Rudi kwenye 1,600 zako siku hiyo hiyo, chakula kile kile cha Novemba. Usishuke hadi 1,000, usifunge kwa kulipiza, na usinunue zile chai za kupunguza tumbo. Nyingi zina dawa ya kuharisha, zinatoa maji na chumvi za mwili na kuacha mafuta yalipo, na kwa mtu wa presha si jambo la kuchezea.

Pima tena tarehe 11. Ukikuta 81 na kitu, yaliyobaki yalikuwa maji. Ikibaki 82 na nusu, umeongeza kama kilo moja na nusu, nayo ni kazi ya wiki tatu nne kwa kasi yako ile ile. Ikiwa tarehe 18 bado haijashuka hata kidogo, shida huenda imehamia jikoni kwako. Kwa wiki moja pima mafuta ya kupikia kwa kijiko badala ya kumimina, na hesabu vikombe vya chai yenye sukari, kwa sababu tabia mbili zinazorudi na mtu kutoka likizo bila yeye kujua ni hizo.